Juzuu Kumi na Fomu ya Chuo Kikuu

Ilianza Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama pembeni mwa kompyuta nikitafuta udhuru wa kuondoka. Mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka kusali, msala bado uko begani kwake, akaja akaliweka faili la kijani juu ya meza ya kulia na kusema, "Haya. Leo haondoki mtu hapa mpaka tumemaliza."

Fomu ya chuo kikuu ilikuwa imebaki ukurasa mmoja tu. Insha nilikuwa nimeshaiandika, alama skuli walikuwa wameshazituma wenyewe, na walimu wawili walikuwa wameniandikia barua ambazo sikuruhusiwa kuzisoma. Kilichobaki ni ukurasa wa tuzo. Mistari mitano. Kila mstari unataka jina la tuzo kwa herufi zisizozidi mia, darasa ulilokuwepo ulipoipata, na ngazi yake: ya skuli, ya mkoa, ya taifa au ya kimataifa. Chuo chenyewe kiko Uingereza. Nilikuwa naomba kusomea famasia kwa ufadhili, na nafasi za ufadhili huwa chache. Bila ya ufadhili siendi. Baba alilisema hilo mara moja tu, kwa upole, na halikuhitaji kurudiwa.

Baba mwenyewe hakuwepo. Anafanya kazi Sohar, kaskazini mwa Oman, anarudi kwetu Al Amerat Alkhamisi jioni na Jumamosi anaondoka tena. Siku za kazi nyumbani tunakuwa watatu: mimi, Mama, na Bibi, yaani mama yake Mama, ambaye chumba chake kiko chini karibu na jiko ili asipande ngazi.

Nyumbani kwetu vyeti havitundikwi ukutani. Nimekwenda kwa wenzangu nikakuta ukumbi mzima umejaa fremu mpaka huoni rangi ya ukuta. Kwetu Bibi alikataza tangu zamani, anaogopa macho ya watu. Kila cheti nilichorudi nacho Mama alikipiga picha, akampelekea Baba, kisha kikaingia katika faili la kijani na faili likarudi chini ya godoro. Mgeni akiuliza mtoto anaendeleaje na masomo, jibu ni "Alhamdulillahi, anajitahidi," na papo hapo anasogezewa tende. Mimi ni mtu wa haya, na jibu hilo lilikuwa linanificha vizuri. Sasa ghafla nilitakiwa nijisifu mbele ya watu nisiowajua, tena kwa mpangilio, kubwa likae juu.

Mama alilifungua faili kutoka nyuma, kwa hivyo tulianza na chekechea.

"Hii?"

"Mama, hiyo ya daktari wa meno."

"Imeandikwa Bingwa."

"Bingwa wa kupiga mswaki. Nilikuwa na miaka mitano."

"Kwani huko Uingereza hawana meno?" Akakiweka cheti pembeni, si katika fungu la kurudishwa ndani, bali katika fungu la kufikiriwa.

Fungu la kufikiriwa likawa refu. Kulikuwa na cheti cha kuhudhuria mhadhara kuhusu usalama barabarani. Kulikuwa na cha kusafisha ufukwe wa Qantab, nilipokuwa darasa la nane, kimepigwa muhuri mkubwa wa buluu. Hicho Mama alikipenda sana. Ukweli ni kwamba siku ile niliokota chupa tatu na kandambili moja, kisha nikaenda kukaa ndani ya basi kwa sababu walikuja watu na kamera ya televisheni. Mama hajui.

Tulipofika cheti cha kumi na nne, akaamua kumpigia binti wa mjomba wangu, ambaye yuko mwaka wa pili huko huko Uingereza na siku hizi anazungumza kama balozi. Akaweka spika.

"Shangazi! Asalaam alaykum! Usafi wa ufukwe mwambie atoe. Oman nzima imeshasafisha ufukwe, samaki wenyewe wamechoka kutuona."

"Na meno?"

"Meno gani, Shangazi?"

Nikamfanyia Mama ishara anyamaze. Akanyamaza, lakini kwa kununa.

"Mdogo wangu, unanisikia? Wanaosoma hizo fomu hawana muda. Wanatazama mstari wa kwanza, wa pili, wakifika wa tatu wameshapiga miayo. Vyeti vya kushiriki tu, vyote nje. Na ile ya Qur-ani iweke ya kwanza kabisa. Wallahi wanapenda kitu ambacho kila mtu hana."

Nilikuwa nikiomba asiikumbuke.

Mama hakuhitaji kukumbushwa. Cheti hicho kilikuwa mwanzo kabisa wa faili, peke yake, ndani ya plastiki mbili. Nafasi ya Pili, mashindano ya wilaya ya kuhifadhi Qur-ani, kitengo cha juzuu kumi kati ya thelathini, darasa la tisa. Akakitoa kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo," akasema. "Mengine yote tunajaza jaza."

Juzuu hizo kumi, kuanzia mwisho wa msahafu kurudi nyuma, alinihifadhisha Bibi. Yeye hajawahi kuwa na cheti cha kitu chochote, nadhani hata cha kuzaliwa. Alihifadhi utotoni Unguja, kwenye chuo cha Qur-ani cha bibi mmoja aliyekuwa akisomesha watoto huku anapepeta mchele, na alipokuja huku Oman, akaolewa na kuzaa na kulea, hakuiacha. Kwa miaka miwili, kila baada ya Alasiri, nilikaa sakafuni mbele yake, yeye kitandani na tasbihi yake. Hakushika msahafu. Nikikosea hakunisahihisha. Alipiga ulimi mara mbili, basi, akaendelea kuvuta tasbihi. Kazi ya kulitafuta kosa ilikuwa yangu. Niliweza kukaa dakika kumi nikiipekua aya kichwani, jasho linanitoka katika kiyoyozi, na yeye anatazama dirishani kama vile hayupo. Nikilipata anasema "Enhe," na tunarudi mwanzo wa ukurasa. Ukurasa uliopita bila ya ulimi, aliuwekea kokwa moja ya tende kwenye sinia la kahawa. Siku ya kokwa tano tulikuwa tunakunywa kahawa sote wawili, mimi mtoto wa miaka kumi na tatu, kahawa chungu, na ananisimulia nani katika jamaa zetu aliolewa kwa hila.

Darasani siwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mbele yake nilikuwa na sauti.

Kwenye mashindano sauti ilitetemeka, ndiyo maana nikawa wa pili. Bibi aliposikia alisema wa kwanza alikuwa na bahati tu kwamba yeye Bibi hakuwa mmoja wa majaji.

Halafu likaja darasa la kumi. Ulichokihifadhi kinataka kupitiwa kila siku, hilo nililijua, lakini nikasema nitapumzika wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Bibi akafanyiwa operesheni ya macho, akawa hataki mwanga, chumba kikawa giza, na mimi nikapata sababu nyingine. Akiniita, "Njoo unisomee, mama," nilimjibu, "Nna mtihani, Bibi." Mara nyingi sikuwa na mtihani wowote. Kila nilivyozidi kusahau ndivyo nilivyozidi kuuogopa ule ulimi, na kila nilivyouogopa ndivyo nilivyozidi kukikimbia chumba. Nilikuwa naingia asubuhi, nambusu mkono, namuuliza kaamkaje, natoka kabla hajamaliza kujibu. Zaidi ya mwaka tuliishi hivyo, nyumba moja. Baadaye akaacha kuniita. Nilifurahi alipoacha. Naliandika kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Leo nna juzuu ya Amma, ile ya mwisho, nzima, Tabaraka inayoitangulia kwa kupapasa, na huko nyuma vipande vipande, kama nyumba iliyobaki nguzo.

"Mama," nikasema, "hii si tuiache? Wao hawaijui thamani yake."

"Hawaijui, ndiyo waijue."

"Ilikuwa zamani."

"Zamani! Darasa la tisa ni zamani? Mimi hiyo zamani yako nilikuwa nna gari hii hii." Akaivuta kompyuta upande wake. Mama anafanya kazi wizarani na anaandika Kiingereza cha barua za serikali, kila kitu kwa herufi kubwa. Akaandika mstari wa kwanza, akihesabu herufi kwa ncha ya kidole kwenye skrini, akaacha alama za mafuta.

Ningesema hapo hapo. Tulikuwa wawili tu mezani, na ilikuwa sentensi ya maneno matatu. Lakini alikuwa anatabasamu ile tabasamu ya kufunga mdomo, ambayo mimi huiona pale Baba anapofungua mlango siku ya Alkhamisi, na mimi si mtu wa kuvunja kitu cha mwenzangu kikiwa bado mkononi mwake.

Mistari mingine tuliijaza upesi. Orodha ya waliofaulu kwa daraja la juu, miaka miwili. Nafasi ya tatu katika insha ya Kiingereza. Bango la kuhifadhi maji lililochaguliwa kwa mkoa. Sifa ya maabara ya kemia, ambayo ilikuwa ya skuli tu. Nilipoziangalia hizo nne peke yake zilionekana kama za mtoto yeyote wa Maskati. Ile ya juu ndiyo iliyokuwa inabeba ukurasa.

"Basi, natuma?" nikauliza.

Mama akanitazama kama niliyetaka kutoka nje bila ya mtandio. "Hivi hivi?"

Kwetu kitu kikubwa hakiendi hivi hivi. Mjomba aliposafiri, Baba alipopeleka karatasi za kiwanja, hata mimi nilipofanyiwa operesheni ya tonsili, Bibi aliketi, ukawashwa udi, akasomewa au akasoma yeye, ndipo kitu kikaondoka nyumbani. Fomu ya kompyuta haikuwa na ruhusa maalumu.

"Baada ya Magharibi unamsomea Bibi, tunafukiza, tunabonyeza."

"Yasini?" Yasini ningejikokota.

"Yasini anasoma kila mtu. Msomee Saffati, ile uliyoshindia. Mwenyewe kila mara ananiuliza, mbona mjukuu wangu hanisomei siku hizi."

Nikapanda chumbani kwangu na msahafu. Ilikuwa imebaki saa moja na kitu. Saffati ni kurasa saba hivi, na kwa mtu anayeijua ni tamu, aya zake ni fupi na zinakwenda mbio. Kwa mtu aliyesahau ni mtego. Humo zimo habari za Nabii Nuhu, Nabii Ibrahim, Nabii Musa na Haruni, Nabii Ilyasi, na kila habari inaishia kwa maneno yanayokaribiana sana, salamu kwa mtume yule, kisha kwamba hivyo ndivyo wanavyolipwa wafanyao wema. Ukifika hapo mbele yako kuna milango minne inayofanana. Zamani nilikuwa naijua kwa sauti ya ulimi wa Bibi. Nilishaingia mlango usio wangu mara nyingi mpaka nikazijua tofauti zake. Sasa nilisoma ukurasa wa kwanza mara sita, wa pili mara nne, na adhana ikalia nikiwa wa tatu.

Chumba cha Bibi kilikuwa kinanuka dawa ya kuchua. Nilikuwa sijakaa mle kwa muda mrefu, nikaona vitu ambavyo mtu wa mlangoni havioni. Vidonge vya asubuhi vilikuwa bado katika kisosi. Kanga mbili zimekunjwa, moja ndani ya nyingine, pamoja na kijiko. Nikadhani kavikunja hivyo msichana anayekuja kutufanyia usafi.

"Ndo we?" akasema Bibi.

"Ndo mie, Bibi. Nimekuja kukusomea."

"Eh, soma, soma."

Nikakaa sakafuni pale pale pa zamani. Mama akasimama mlangoni na chetezo, anapuliza makaa. Nikaanza.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda kwa kusukumwa na wa kwanza. Wa tatu nikaupapasa mpaka nikafika kwa Nabii Nuhu, nikaisoma salamu yake, nikaingia katika maneno yanayofanana, na ulimi wangu wenyewe ukachukua njia. Nilipoisikia aya iliyofuata nikajua nimefika kwa Nabii Luti. Nilikuwa nimemruka Nabii Ibrahim na habari yake yote, na mwanawe, na lile jambo la kuchinja ambalo hata watoto wadogo wanalijua. Nilikuwa nimewaruka Musa na Haruni na Ilyasi.

Nikasita, nikasubiri.

Uso ulikuwa unanichoma. Nilishauinamisha, nimeshajitayarisha kwa ule ulimi, na baada ya ulimi, kwa Mama mlangoni kuuliza kuna nini. Tasbihi ilikuwa inakwenda, punje kwa punje. Nikainua macho. Bibi alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba nusu, kama anayesikiliza mvua.

"Endelea, mjukuu wangu," akasema. "Unasoma vizuri."

Ningeweza kurudi. Mtu anayesoma Qur-ani na akajua ameruka, anarudi. Hilo si jambo la kufundishwa. Sikurudi. Niliendelea kutoka kwa Luti, nikaingia kwa Nabii Yunusi, nikaenda mpaka mwisho kwa sauti iliyokuwa inapungua, na moyoni nasema sasa atapiga, sasa atapiga. Nikamaliza.

"Mashaallah!" akasema Mama. "Upesi hivo!"

Bibi akanyosha mkono akanishika kidevu. Mkono ulikuwa mwepesi, kama hauna mtu ndani yake.

"Mashaallah, mashaallah. Nani alokusomesha wewe? Kakusomesha vyema."

Mama akacheka mpaka majivu yakaruka. "Mama nawe! Si useme tu unataka kusifiwa!"

Bibi akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi, kisha na yeye akacheka. Alichelewa kidogo kucheka. Nafikiri mtu mwingine asingeiona ile nafasi ndogo kabla ya kicheko. Mimi nilikaa mbele ya uso ule miaka miwili nikiusoma kama wengine wanavyosoma saa ya mtihani, nikaiona.

"Yallah," Mama akasema, "njoo ubonyeze."

Nikamwambia nataka kupitia tena Kiingereza cha mstari wa tatu, kuna neno silijui kama liko sawa. Fomu inafungwa Jumatano, kuna nafasi. Akakubali, kwa sababu ya neno, si kwa sababu nyingine. "Kesho basi. Lakini kesho isinipite."

Nilikuwa ninaosha vyombo vya chakula cha jioni ndipo nilipoelewa nimekwama wapi. Mpaka Magharibi nilikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikuwa yangu: kwamba tuzo yangu kubwa ni ya kitu nisichokuwa nacho tena. Ningeweza kuibeba mpaka Uingereza, nani angenifungua kichwa. Sasa nilikuwa na ya pili, na haikuwa yangu. Bibi anaondoka, kumbukumbu kwa kumbukumbu, na hapana aliyeona, na ningeliona mimi mapema kama ningekuwa nakaa naye. Nisingeweza kuisema ya pili bila ya kuisema ya kwanza. Mtu atajua vipi kwamba Bibi hakuliona kosa, kama sisemi kosa nililifanya mimi? Ningenyamaza, tuzo yangu imebaki safi, na jaji pekee aliyeijua hesabu yake ameshasahau. Wazo hilo lilinijia, na sitasema halikunijia. Lilikaa kwangu muda wa sahani tatu au nne.

Asubuhi tuliondoka saa kumi na mbili na robo kama kila siku, maana ukichelewa dakika kumi barabara ya mlimani inajaa magari ya Al Amerat nzima yanayoshuka mjini. Mama alikuwa anaendesha na kikombe cha chai katikati ya mapaja, jambo ambalo Baba hapendi.

"Mama, jana niliruka."

"Uliruka nini?"

"Kwenye Saffati. Nilitoka kwa Nabii Nuhu nikaenda kwa Nabii Luti. Nabii Ibrahim na wengine wote, sikuwasoma."

Akabadilisha gia ya uso wake, sijui niiteje. "Ulikuwa na wasiwasi. Tokea mdogo wewe una wasiwasi."

"Si wasiwasi. Nimesahau, Mama. Zamani, si jana. Nimebaki na Amma tu."

Gari ya mbele ikasimama, na sisi tukasimama. Alitazama taa zake nyekundu muda mrefu kuliko zilivyowaka.

"Na Bibi yako?"

"Hakupiga ulimi."

"Labda alikuonea huruma."

"Bibi?" nikasema.

Sote tulijua. Nikasema, "Na aliponiuliza nani kanisomesha, Mama, hakuwa na mzaha."

Tukashuka mlima. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa kwa Kiarabu, Yiti, Qurayat, mawimbi kiasi. Nilifikiri amenikasirikia na nikawa nimejikunja kwenye mkanda. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Wiki iliyopita kaniuliza kama baba keshatoka msikitini."

Baba yake Mama alifariki kabla mimi sijazaliwa.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado, mama. Sala haijesha."

Akafuta jicho moja kwa kifundo cha mkono, akakosa kona ya kuingilia skuli, ikabidi tuzunguke. Mbele ya geti akazima gari, jambo ambalo hafanyi.

"Ntampigia mjomba wako. Tumpeleke kwa daktari wiki hii." Akakifunika kikombe cha chai. "Na ile ya kwenye fomu, ifute. Kitu cha Mwenyezi Mungu si cha kutafutia chuo, tena kama hunacho."

"Haya, Mama."

Mama aliyasema maneno yale ya mwisho kwa sauti ya chini, na sidhani alitaka yaumize. Nikambusu mkono, nikashuka.

Maktaba ya skuli inafunguliwa kabla ya gwaride la asubuhi. Nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni, ile ambayo ukikaa hakuna anayeona skrini yako, nikafungua fomu. Mistari mitano ilikuwa pale pale, ule wa juu umeandikwa na Mama kwa herufi kubwa. Nikaushika wote, ukawa buluu, kidole kikawa juu ya kitufe.

Sikuufuta. Hoja sina, na Mama alikuwa na haki. Nilichofikiri ni kwamba katika fomu nzima, insha na barua na alama, hapana pahala pengine alipogusa Bibi, na kwamba yule aliyekaa kitandani mwaka ule alikuwa anaijua kila herufi. Wao Uingereza hawatalisoma hilo. Watasoma nafasi ya pili, wilaya, darasa la tisa, labda watapiga miayo.

Nikauhamisha kutoka juu nikauweka mstari wa tano, chini ya maabara ya kemia. Herufi kubwa za Mama nikazifanya ndogo. Fomu ikaniuliza kama nina hakika, na kwamba baada ya hapa hakuna kubadilisha. Nikabonyeza.

Kengele ilikuwa imeshalia. Kipindi cha kwanza kilikuwa fizikia; nilipoingia mwalimu akaandika kwamba nimechelewa, na Mama sikumwambia kwamba ule mstari sikuufuta, si siku ile.